Kabati la Bi Saleha na Wifi wa Pangani

Watu wa Ngamiani walimjua Saleha binti Uweso kwa pua kabla ya kumjua kwa macho. Ukitoka stesheni ya reli jioni, ukaifuata harufu ya changu anayekaangwa kwa bizari na kitunguu saumu, hukuwa na haja ya kuuliza njia. Ulifika mwenyewe barabara ya kumi na mbili, ukamkuta jikoni kwake uani, mfupi, mnene kiasi, kanga moja kiunoni na nyingine begani, anageuza samaki kwenye karai huku akimgombeza mteja aliyemwambia afanye haraka. "Haraka kamwambie aliyemvua," ndilo lililokuwa jibu lake, na mteja alinyamaza akasubiri, maana hapakuwa na samaki wengine mjini wenye ngozi ya kuvunjika mdomoni namna ile.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge una bei, na Tanga nzima ilikuwa inakula vizuri au inajifanya inakula vizuri. Saleha hakuwa mtu wa kujifanya. Alizaliwa Tongoni, binti wa mkulima aliyekuwa na maneno mengi kuliko mihogo, na maneno hayo ndiyo urithi pekee aliouchukua alipokuja mjini kuolewa na Shehe.

Shehe alikuwa kuli wa bandarini, mtu mwema, Mungu amrehemu, mwenye kasoro moja tu: hakuweza kupita mnadani mikono mitupu. Siku moja Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anauza vitu vyake arudi kwao, na Shehe akarudi nyumbani na mkokoteni umebeba kabati. Kabati la jikoni, refu kumshinda yeye, milango miwili ya wavu juu na miwili ya mbao chini. Nyumbani walikuwa na sahani tatu. Saleha akamuuliza wataweka nini humo ndani. Shehe akajibu kwamba watu wenye kabati vyombo huja vyenyewe.

Vyombo vilikuja kweli, polepole, lakini Shehe hakuviona. Homa ilimchukua vita vilipokuwa vinakwisha. Hakuacha mtoto, aliacha kabati. Saleha akakaa eda yake, akaimaliza, akanunua karai, akaanza kukaanga samaki.

Sasa mtu akikaanga samaki kila siku iendayo kwa Mungu, mafuta hayabaki kwenye karai. Yanapanda na mvuke, yanatembea hewani, na yakichoka yanatua. Yalitua kwenye kabati la Shehe. Juu ya mafuta ukakaa moshi, juu ya moshi yakakaa mafuta mengine, juu yake vumbi la barabara ya kumi na mbili, na mwaka ukapita, na mingine ikafuata, hata kabati likawa jeusi tititi, linang'aa. Ukiliegemea, kanzu yako ilibaki nyuma. Mende akipanda, alikuwa amepanda. Kushuka ilikuwa habari nyingine. Saleha alifuta ndani, palipokaa vyombo, kila Ijumaa. Nje hakugusa. Mwanzo alikosa nafasi, baadaye akakosa pa kuanzia.

Halafu akaja Sadalla.

Sadalla alikuwa mtu wa Bweni, ng'ambo ya mto pale Pangani, na alileta nazi Tanga kwa lori la watu. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Aliingia kwa Saleha jioni moja kula samaki, akala kimya, akamaliza, kisha akanyanyuka, akaenda kwenye pipa la maji, akaiosha sahani yake, akaifuta, akairudisha. Saleha alisimama na mwiko hewani. Katika miaka yote ya kukaangia wanaume wa Tanga, hakuwahi kuona mwanamume anaosha sahani ambayo ameilipia. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alijiambia kwamba ni joto.

Haikuwa joto. Alimtaka Sadalla, hakuna haja ya kuzungukazunguka. Alimtaka kama mtu anavyotaka kivuli saa sita mchana, na Sadalla naye alimtaka, akamwambia bila mashairi. Ila palikuwa na kigingi, na kigingi chenyewe kilikuwa na jina.

"Dada yangu Asmahani ndiye aliyenilea," alisema Sadalla huku akichezea kofia yake. "Siwezi kuoa asiporidhia. Atakuja kukuona."

Saleha alikwishasikia habari za Asmahani. Pwani ni ndogo. Mwanamke wa kwanza aliyeletewa alimkataa kwa sababu anacheka na meno yote. Wa pili alimkataa kwa sababu mchuzi wake una haraka ya kumwagika. Na ilisemekana kwamba akiingia nyumba ya mtu hapitishi macho, anapitisha kidole.

Sadalla alipoondoka, Saleha aliingia jikoni akalitazama kabati lake kama vile ndiyo kwanza limeletwa. Akalipitishia kidole. Kidole kikanata. Akaketi chini akaona wazi kwamba ndoa yake imeganda pale.

Habari za mgeni zilifika kwa majirani kabla Saleha hajawaambia. Wa kwanza kuja alikuwa Bi Kijakazi, Mdigo, mtu mzima mwenye mdimu uani kwake na imani kubwa juu ya mdimu huo. Alikuja na ndimu zimejaa upindo wa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kata nusu, chovya kwenye majivu, sugua. Ndimu haishindwi na kitu. Hata kutu inakimbia."

Hajamaliza, akaingia Lea, Msambaa, mkewe Noa wa reli, mkono mmoja kashika bonge la magadi lililofungwa kwenye gazeti. Lea hakuwa na habari na ndimu. Kwao milimani, alisema, magadi ndiyo yanayolainisha maharage yaliyoshindikana, na kilichoshinda maharage ya Lushoto hakitashindwa na kabati la Tanga. Yayeyushwe kwa maji ya moto, basi.

"Magadi yatamchubua mtoto wa watu," alisema Bi Kijakazi.

"Na ndimu itamfanyia nini? Itamtengenezea achari?" alijibu Lea.

Wote wawili wakavuta vibao wakakaa kuangalia ni ushauri wa nani utafuatwa. Hapo ndipo Saleha alipokwama. Bi Kijakazi alimfaa katika msiba wa Shehe. Lea alikuwa amekwisha kubali kumwazima vikombe vyake vyenye maua mekundu kwa ajili ya chai ya mgeni. Kumsikiliza mmoja ni kumvunja mwingine, na jirani hukaa naye kila siku, kabati halimwamkii mtu asubuhi. Basi Saleha akafanya lililoonekana kuwa la adabu: akamimina maji ya moto yenye magadi kwenye beseni, akakamulia ndimu zote humohumo.

Beseni likachafuka. Povu lilipanda kwa kishindo, likajaa, likavuka ukingo, likatambaa sakafuni kuelekea miguu ya Bi Kijakazi, ambaye alisoma Bismillahi akapandisha miguu juu ya kibao. Lea akapiga makofi akasema ndiyo hiyo dawa, mnaona inavyochemka yenyewe. Saleha akachovya tambara, akasugua, akasugua tena. Kabati halikutikisika. Povu lilikuwa limemaliza nguvu zake zote pale beseni, kama vijana wanaotishiana ngumi hata mchezo ukaisha, na yaliyobaki yalikuwa maji yasiyo na makali ya ndimu wala ya magadi.

"Ni magadi yameua ndimu," alisema Bi Kijakazi.

"Ni ndimu imeua magadi," alisema Lea.

Na ajabu ni kwamba wote wawili walikuwa wamesema kweli, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuiona, maana walikwishaanza kurushiana maharage na achari. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Saleha alivumilia kidogo, kisha mdomo wa Tongoni ukamtoka.

"Nendeni mkagombane kwenu. Mchumba ni wangu, na uchafu ni wangu."

Wakaondoka wamenuna, kila mmoja kwa mlango wake.

Alipobaki peke yake, aliinua mikono akaitazama, na mikono ndiyo iliyomfundisha. Kila mtoto wa pwani aliyewahi kupasua fenesi anajua kwamba ulimbo wake hautoki kwa maji. Unatoka kwa mafuta, ndipo sabuni. Naye kila jioni alianza kwa kujipaka mafuta mikononi, uchafu ukalegea, kisha akanawa. Kilichogandisha kabati ni mafuta yaliyozeeka. Mzee hasikii la maji. Pengine atamsikia mwenzake.

Akachukua mafuta ya nazi yaliyobaki kwenye chupa, akayapasha kidogo, akalipaka kabati zima upande wa mbele na mbavuni, akaliacha likae kama mtu aliyepakwa dawa. Akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, weusi ulikuwa umelegea, unakunjamana chini ya kucha. Akakwangua kwa kifuu cha nazi. Ulitoka vipandevipande, mzito, unanuka samaki wa tangu Shehe. Ndipo akaleta maji ya moto yenye magadi, safari hii bila ndimu, akafunga matambara mikononi, akasugua kwa kumbi la nazi kufuata mkondo wa mbao, akasuuza kwa maji safi, akarudia. Mikono ilimwasha hata kwenye matambara. Machozi yalimtoka kwa mvuke, akaendelea. Mwisho kabisa, kabati limekwisha kusuuzwa, akapitisha ndimu, moja tu, kwa ajili ya harufu, na ili Bi Kijakazi asije akasema hakutiwa shughulini.

Akarudi nyuma kutazama, akakaa kitako.

Kabati lilikuwa la samawati. Rangi ya bahari ya Kaskazi, laini, na vijiua vyeupe vimechorwa kwenye pembe za milango. Alikuwa amesahau kabisa. Alikumbuka ghafla Shehe akilishusha kwenye mkokoteni, anayafuta maua yale kwa kiwiko cha shati. Akalia kidogo, si sana, kisha akajikemea, kwa sababu mtu hawezi kumlilia mume wa kwanza huku akimsafishia kabati wa pili.

Upande mmoja tu ulibaki: mgongo. Kabati lilikuwa limeegemea ukuta na kushikana nao, na mikono yake ilikuwa imekwisha. Nani atatazama mgongo wa kabati? Akauacha.

Asmahani alikuja Ijumaa. Alivuka mto alfajiri, akapanda basi Pangani, akashuka Ngamiani akiwa mrefu, mkavu, ndani ya buibui lisilo na kunjo, mkononi mwavuli. Hakuleta mzigo. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, na huyu alionekana amekuja kwa nia hiyohiyo.

"Shikamoo, dada," alisema Saleha.

"Marahaba. Hujambo, mwenye nyumba?"

Mwenye nyumba. Saleha akaona hilo si jina la mtu unayekusudia kumrudia. Akamkaribisha ukumbini, akamletea chai na vitumbua. Asmahani alikula kitumbua kimoja kwa utaratibu, akanywa chai, akageuza kikombe akatazama kitako chake, ambapo Lea aliandika jina lake kwa rangi ili vikombe vyake visipotee. Halafu akaomba maji.

"Usihangaike kuleta," alisema akinyanyuka. "Nitakunywa hukohuko jikoni."

Saleha akafuata nyuma, kichwa kiko juu. Alijua mgeni atakachokikuta. Asmahani akaingia, akasimama, akalitazama kabati la samawati kwa muda mrefu. Kidole kikatoka ndani ya buibui, kikapita juu ya mlango, kikashuka ubavuni, kikarudi. Kisafi. Akakinusa.

"Kabati lako liko wapi?" aliuliza.

"Ndilo hilo, dada."

"Nakuuliza lako." Sauti ilikuwa ya taratibu, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Vikombe umeazima, hilo silisemi. Sisi sote tukijiwa na mgeni tunaazima. Mkeka, sinia, hata kanga ya kuvaa. Lakini kuazima kabati, mwenzangu, hili sijalisikia. Kaka yangu kaniambia una kabati la mpingo. Jeusi, linang'aa, la kurithiwa. Kalisifu hata nikachoka masikio. Leo nalikuta la samawati lenye maua. La mpingo umelificha wapi, au halikuwapo?"

Saleha akaligeukia kabati lake. Mpingo. Sadalla wa watu, mwosha sahani, alikuwa amekaa pale jioni zote akila samaki na kuuhusudu uchafu wake. Kicheko kilimjia kifuani, na nyuma ya kicheko hofu. Akisema kweli, ni mchafu. Akinyamaza, ni mwongo.

Na hapo majirani wakaja kumwokoa. Walikuwa wamepatana asubuhi ileile ili wasikilize vizuri wakiwa pamoja nyuma ya ua wa makuti, na sasa vichwa viwili vikatokea mlangoni kwa mpigo.

"Kabati hilo ni la samawati tangu namjua," alisema Bi Kijakazi.

"Amelipaka rangi juzi tu," alisema Lea wakati huohuo.

Wakatazamana. Asmahani akatazama mmoja, akatazama mwingine, akachukua mwavuli wake.

"Nimesikia," alisema. "Mwanamke mchafu anafundishika. Mwongo hafundishiki. Basi la mchana nitaliwahi."

Saleha alimwona anageuka, akamwona na Sadalla, akilini mwake, anageuka nyuma yake, na sahani zote ambazo hazitaoshwa na mtu mwingine maisha yake yote. Mficha uchi hazai, alijisemea. Akashika kabati kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena kwa nguvu zote za mtu wa Tongoni, na kabati likabanduka ukutani kwa mlio mrefu wa kuchanika, likazunguka nusu, vyombo ndani vikapiga kelele, na mgongo wake ukageukia mlangoni.

Ulikuwa mweusi tititi. Mnene, wenye mawimbi na matone yaliyoganda yakiteremka, na mende wawili waliokwama tangu siku zisizojulikana. Ulinuka samaki wote wa Tanga.

"Huo ndio mpingo wa kaka yako," alisema Saleha, anahema. "Ni mafuta. Ni moshi na mafuta ya karai, tangu nimefiwa sijawahi kuyasugua, na nimeshinda nayasugua kwa sababu unakuja wewe. Kabati ni langu. Na uchafu ni wangu, sikuuazima kwa mtu."

Bi Kijakazi akamshika Lea mkono, wakarudi nyuma taratibu, wakatoweka.

Asmahani akasogea. Kidole kikatoka, kikagusa, kikanata. Akakivuta, hakikuja. Akakivuta tena kikaja na uzi mweusi mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Saleha akadhani ni hasira, kumbe mama huyu alikuwa anacheka, bila sauti, mkono mdomoni, meno yote nje.

"Mpingo," alisema alipopata pumzi. "Alitaka kuuliza fundi bei yake."

Akacheka mpaka akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na alipoketi kicheko kikamwishia ghafla, akabaki anakitazama kidole chake.

"Nilikuja na jibu tayari," alisema. "Ungekuwa mchafu ningesema mchafu. Ungekuwa safi ningesema una maringo. Wale wawili wa kwanza hawakuwa na kosa lolote, maskini. Yule anayecheka na meno yote nilimpenda." Akausokota ule uzi mweusi kidoleni. "Nimempikia Sadalla tangu ana meno ya utotoni. Nikiamka najua naamkia nini. Akija huku, nitawasha jiko nimpikie nani?"

Saleha alipandwa na hasira kwanza, na ilikuwa haki yake. Mikono ilikuwa imechubuka hata kushika kisu hawezi, na kumbe mshitaki hakuwa na kesi. Alikuwa na maneno yake tayari ulimini, makali, ya kwao. Halafu akamtazama mwanamke yule mrefu aliyejikunja juu ya mbuzi, akayameza.

"Mimi nakaangia stesheni nzima," alisema. "Wakishakwenda, nakula peke yangu, nimesimama. Sijaona sababu ya kukaa." Akaliondoa bonge la magadi lililobaki juu ya kibao, akakaa nalo mapajani. "Na huyo kaka yako, samaki wa kukaanga kila siku watamuua tumbo. Wa nazi mimi siwawezi, nisikudanganye, tui langu linakatika. Chumba cha uani kina kitanda na dirisha. Njoo naye."

Asmahani alikaa hivyo mpaka honi ya basi la Pangani ikasikika barabarani, ikapita, ikapotea. Ndipo akanyanyuka, akavua buibui, akalitundika msumarini, akajifunga kanga kiunoni fundo la kazi. Kwa watu wa pwani mgeni haguswi na kazi. Hata akishika ufagio utanyang'anywa kwa aibu. Saleha akanyoosha mkono amzuie, naye Asmahani akaupisha mkono ule pembeni kwa upole, akainama kuutazama mgongo wa kabati kwa karibu.

"Limeganda vibaya hili," alisema. "Magadi yako wapi, wifi?"

Bonge la magadi lilikuwa mapajani mwa Saleha, alilishika tangu alipoketi, naye akamnyooshea kwa mikono miwili.